Nyimbo za Moyo Uliovunjika na Uvumilivu wa Mkristo



Miaka miwili iliyopita nilirudi likizo nyumbani Endamarariek nikamkuta kaka yangu amebadilika. Alikuwa amekodi shamba la vitunguu kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, akitegemea kwamba mavuno yatatosha mahari na kubakiza kidogo cha harusi. Vitunguu vilistawi vizuri. Bei ndiyo iliyoanguka, na kila mtu wa Karatu anajua maana yake: gunia linauzwa kwa pesa isiyorudisha hata gharama ya mbegu na dawa. Siku ya kupeleka mahari ikasogezwa mbele mara ya kwanza, ikasogezwa mara ya pili, na mara ya tatu hakukuwa tena na kitu cha kusogeza. Binti aliolewa Arusha.

Jioni kaka alikuwa akikaa peke yake karibu na zizi, simu mkononi, anapiga wimbo mmoja tu: Malaika. Ukiisha anaurudia. Mimi nilikuwa frateri mpya, kichwa kimejaa maneno ya darasani. Nikamwambia aachane na nyimbo za dunia, ashike rozari, avumilie kiume. Alinitazama, akazima simu, hakunijibu. Wiki iliyofuata aliondoka kwenda kutafuta kazi machimboni, na kwa miezi saba hatukuisikia sauti yake.

Sijutii kumtajia rozari. Ninachojutia ni kwamba nilimnyamazisha, nikauita ukimya huo uvumilivu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisikiliza zile nyimbo za zamani nilizozidharau, nikiwa na kalamu na vitabu vya falsafa pembeni, na makala hii ni matokeo yake.

Tuanze na huo Malaika wenyewe. Karibu kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua, na wengi wetu tumeuimba shuleni bila kujiuliza unasema nini. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaueneza duniani, na mwaka 1981 hata kundi la Boney M likaurekodi huko Ulaya. Kuhusu nani hasa aliutunga kuna ubishi wa muda mrefu. Wapo wanaomtaja Fadhili mwenyewe, na wapo wanaomtaja Adam Salim. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Habari ya wimbo ni fupi: kijana anampenda msichana, angemwoa, lakini hana pesa. Basi. Hakuna jambo jingine linalotokea. Hapati pesa mwishoni mwa wimbo, wala hakuna mjomba anayejitokeza na ng'ombe.

Angalia sasa mambo ambayo kijana huyo hayasemi. Hamlaani msichana. Hawatukani wazazi wake. Hafanyi kama yule sungura wa hadithi ya shuleni, aliyeshindwa kuzifikia ndizi akasema kwamba ni mbichi. Kinachomshinda anakitaja kwa jina lake, pesa, na yule aliyemkosa anaendelea kumwita kwa jina la heshima. Kwa maoni yangu huo ni ujasiri mkubwa. Kusema "sikumpenda sana" ni njia rahisi ya kutoka kwenye maumivu, na wengi tumeipita. Kijana wa wimbo huu anabaki palepale penye maumivu bila kudanganya.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona mpaka niliposikiliza nyimbo nyingi za namna hii mfululizo. Nyimbo hizi zina mtu wa kuzungumza naye. Marijani Rajabu, yule aliyeitwa Jabali la Muziki na aliyefariki mwaka 1995, alituachia Georgina na Zuwena. Jina la mwanamke ndilo jina la wimbo. Mwimbaji haelezi habari za mapenzi kwa jumla, anamwita mtu. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, akapigia Morogoro Jazz kisha Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1979, aliimba Shida, wimbo ambao wazee wetu wakiusikia hadi leo wanaacha kuzungumza kwanza. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyekuwa mmoja wetu hapa Tanzania mpaka alipofariki mwaka 2010, alitunga wimbo mzima juu ya kifo, na watu wakaucheza ukumbini huku kila mmoja akimkumbuka marehemu wake. Mgeni angeshangaa watu wanachezaje wimbo wa kifo. Sisi tuliozoea misiba yetu hatushangai.

Hata muziki wenyewe ulitoka mbali. Wanamuziki wa Tanganyika walijifunza mengi kutoka santuri za Kuba zilizoingia Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, na bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro ikajiita kabisa Cuban Marimba. Watu walicheza nyimbo za Kihispania bila kuelewa neno, lakini huzuni iliyokuwa ndani ya sauti waliielewa.

Na kwa kuwa tumekitaja Kihispania, nipite kidogo Mexico, nchi ya Wakatoliki wengi, ambako wana nyimbo wanazoziita ranchera. Zilitoka kwa watu wa mashambani, na sehemu kubwa ni za mtu aliyeachwa. Mtunzi wao maarufu, José Alfredo Jiménez (1926–1973), hakujua kupiga ala yoyote. Alikuwa akiimba sauti kwa mdomo, wenzake wanaandika. Lililonigusa ni hili: vikundi vya mariachi, vinavyoimba kilio cha wapenzi mitaani na baani, ndivyo hivyo hivyo huenda kwenye Basilika ya Bikira Maria wa Guadalupe usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba kumwimbia Mama. Magitaa ni yaleyale na koo ni zilezile. Hawana koo moja ya huzuni za dunia na nyingine ya sala. Sisi huku tumezigawa sana, na mimi nilikuwa mmoja wa wagawaji.

Turudi kwetu, Zanzibar. Taarabu ina desturi ambayo ningependa kila mlezi wa roho aijue. Mwimbaji anaimba shairi lenye vina na mizani, mara nyingi kwa mafumbo. Hamtaji mtu, anasema habari za ua, au mti, au chombo kilichokwama. Watu wamekaa kwa utulivu. Ghafla mwanamke mmoja anainuka, anatembea taratibu mpaka mbele na noti mkononi, anamtunza mwimbaji katika ubeti ule ule, kisha anarudi kukaa. Hakusema neno. Lakini wote waliohudhuria wamejua kwamba ubeti ule ni wake. Pengine mumewe ameoa mwingine, pengine rafiki amemsaliti, hakuna anayemuuliza. Amelisema lake mbele za watu na heshima yake imebaki mahali pake. Sijui chombo kingine kinachofanya kazi hiyo kwa ustadi namna hiyo. Kitubio ni kwa ajili ya dhambi zetu, na kuumizwa si dhambi. Aliyeumizwa aende wapi?

Basi niliporudi seminarini niliuliza swali hilo kwa vitabu, kama ilivyo desturi yetu tunaosoma falsafa. Jibu la kwanza nililipata kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, na sikulitarajia. Katika Summa Theologiae anauliza ni dawa gani zinapunguza huzuni, kisha anazitaja: jambo lolote la kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho usingizi na kuoga. Kuoga! Darasa zima lilicheka. Lakini kuhusu machozi anatoa sababu nzito. Kitu kinachoumiza, anaeleza, kikifungiwa ndani kinaumiza zaidi, kwa sababu roho yote inabaki imekikazia macho. Kikipata njia ya kutoka, kwa machozi au kwa kuugua au hata kwa maneno, nguvu ya roho inatawanyika kuelekea nje na maumivu ya ndani yanapungua. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimwona kaka karibu na zizi.

Jibu la pili liko katika maisha ya Mtakatifu Augustino, na hili liliniuma. Mama yake, Mtakatifu Monika, alifariki Ostia mwaka 387. Augustino anasimulia katika Maungamo kwamba alipomfumba macho mama yake alijizuia kulia kwa nguvu zake zote. Mwanawe Adeodato alipopaza sauti ya kilio, waliokuwepo walimnyamazisha. Waliona kwamba si vema kumlilia mtu aliyekufa katika imani. Augustino akaenda maziko na kurudi bila chozi. Kisha akaenda kuoga, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kuoga kunafukuza huzuni. Anakiri kwamba alitoka alivyoingia. Akalala. Alipoamka akiwa peke yake kitandani, alikumbuka beti za utenzi wa Mtakatifu Ambrosi, utenzi wa jioni ambao waamini walikuwa wakiuimba kanisani Milano, na baada ya hapo yale machozi aliyoyafunga yakaachiwa. Alimlilia mama yake mbele ya Mungu. Wimbo ndio uliofungua mlango ambao mapenzi yake mwenyewe yalikuwa yameufunga.

Utaniambia, frateri, huo ulikuwa utenzi wa Kanisa, si Malaika. Ni kweli, na sitaki kuzichanganya. Malaika hauna nafasi katika Misa, na ningekuwa wa kwanza kumkatalia mwanakwaya atakayeuleta kwenye komunyo. Ninachosema ni kwamba mlango unafunguka kwa namna moja. Na Kanisa halikutuacha bila nyimbo za namna hii. Zaburi nyingi ni malalamiko. Katika Zaburi ya 13 anayesali anamwuliza Mungu mara nne ataendelea kusahauliwa kwa muda gani. Katika Zaburi ya 55 analia kwa sababu aliyemsaliti hakuwa adui. Alikuwa rafiki waliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Ile ya 88 inaanza gizani na inamalizikia gizani, haina hata mstari wa mwisho wa kushangilia, na Mama Kanisa ameiweka katika sala ya kufunga siku kila Ijumaa. Tunaisali usiku tukiwa tumechoka, wengine tunasinzia. Ni Zaburi ya mtu aliyeondokewa na wapenzi na rafiki. Na Bwana wetu msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22. Hakunyamaza, na hakuna aliyevumilia kuliko yeye.

Hapa ndipo falsafa inapotusaidia kulifafanua neno "kuvumilia". Thoma anauliza: katika ushujaa, tendo kubwa zaidi ni lipi, kushambulia au kustahimili? Wengi wetu tungesema kushambulia. Yeye anajibu kwamba ni kustahimili, na anatoa sababu tatu. Anayeshambulia anajiona ana nguvu, ilhali anayestahimili anakabiliana na kitu kilichomzidi nguvu. Anayeshambulia anaiona hatari ikiwa bado mbele. Anayestahimili tayari iko juu yake. Na mtu anaweza kushambulia kwa ghafla, dakika moja ikaisha, lakini kustahimili kunachukua muda mrefu. Ukiyaweka maneno hayo kando ya kijana wa Malaika, au mwanamke aliyeinuka na noti mkononi, utaona kwamba kuvumilia ni kazi anayoifanya mtu aliye macho. Anajua kinachomuuma na anakitaja, na bado anaushikilia wema asimgeuke mtu na asiigeuke nafsi yake. Wafalsafa wa Kistoa walifundisha kwamba mwenye hekima haguswi na huzuni. Mtu asiyeguswa hana cha kuvumilia, kama vile jiwe halina subira.

Nakumbuka pia sala ya kimila ya Wairaki, slufay. Mzee anatangulia kusema mstari mmoja mmoja, na waliokusanyika wanaitikia kwa pamoja. Haja za watu, mvua, uzazi, amani ya nchi, zinatajwa mbele ya wote na wote wanazibeba kwa kiitikio. Hakuna aliyeachwa avumilie peke yake. Ukitazama litania zetu, au kwaya ya WAWATA inavyoimba kwenye msiba hapa parokiani, mmoja anaanzisha na wengine wanadaka, utaona kwamba hatujaenda mbali.

Lazima nitaje hatari moja, maana najua neno hili linavyotumika vibaya. Wapo akina mama wanaopigwa nyumbani, na wakija kulalamika wanaambiwa "vumilia, ndiyo ndoa". Nyimbo za zamani haziungi mkono ushauri huo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji na aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ana wimbo uitwao Kijiti. Unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini, na jinsi mkono wa sheria ulivyowaangukia wanawake wenzake huku muuaji akitoroka. Siti hakuwaambia watu wavumilie. Alilitaja jina la mtu huyo kwenye wimbo, na jina hilo halijafutika mpaka leo ingawa Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alijua anaandika habari za mtu wa namna gani. Kuna maumivu yanayotokana na bei ya vitunguu, na kuna maumivu yanayotokana na ngumi ya mtu. La kwanza linastahimiliwa. La pili linasemwa kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa paroko, na kwa polisi, na anayelinyamazisha anashiriki kosa.

Vilevile si kila anayerudia wimbo wa huzuni anapona. Mtu anaweza kuufanya wimbo kuwa kitanda chake asiamke. Nimewaona, hasa wanaouchanganya na pombe. Sina kipimo cha kutenganisha hayo mawili, isipokuwa kumkaa karibu huyo mtu muda wa kutosha nijue. Ndicho ambacho sikukifanya. Nilimpa kaka ushauri nikiwa nimesimama, kwa dakika mbili hivi, kisha nikaenda kusali masifu ya jioni. Hata misibani tunafanya hivyo: tunampa mfiwa mkono, tunamwambia kazi ya Mungu haina makosa, tunapita kwenda kutafuta kiti. Neno lenyewe si baya. Ila mara nyingi tunalisema ili tusisikie atakachosema yeye.

Kaka alirudi Desemba iliyopita. Hakuleta madini wala pesa za maana; alileta kikohozi na redio ndogo ya jua. Sikumhubiria. Jioni ya pili nilibeba kigoda changu nikakaa naye karibu na zizi, ng'ombe wakicheua. Tulikaa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha nikamwomba aupige ule wimbo.

"Frateri naye anasikiliza nyimbo za dunia?" akaniuliza.

Nikamwambia namwomba msamaha kwa ile siku. Alicheka kidogo, akasema nilikuwa mtoto. Kisha akaanza kusema. Alisema habari za yule binti, jinsi walivyokutana kwenye mazoezi ya kwaya, na siku aliyopigiwa simu na mshenga akiwa katikati ya shamba, maji ya mfereji yakipita miguuni mwake. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia. Aliposema yote aliupiga wimbo, na safari hii aliimba pamoja nao, huku maneno mengine akiyakosea. Mimi nilipiga mapigo kwenye ubao wa zizi.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anapepeta mahindi ya makande. Tulipofika katikati, sauti yake ikadaka kutoka humo ndani, polepole, na maneno yote akiyapata sawasawa. Kaka akanigeukia. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia mama akiuimba wimbo huo.